Umechukua falsafa ya dini za Asia na saikolojia muhula mmoja? Soma hapa kwanza

Juzi binamu yangu ambaye ndo kwanza kaingia chuo Marekani kanitumia WhatsApp picha ya ratiba yake, afu chini kaandika "kaka hizi mbili si ndo za mteremko?" Naangalia, Utangulizi wa Saikolojia na Falsafa ya Dini za Asia. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanigeukia. Ni zilezile mbili nilizochukua mimi muhula wangu wa kwanza Minnesota, nilikuwa nasomea uhasibu, na nilizichukua kwa sababu hiyohiyo, kwamba zilisikika kama stori za kijiweni. Mtihani wa kwanza wa saikolojia nilipata 58. Pepa ya kwanza ya falsafa ilirudi ina maandishi ya profesa mengi kuliko yangu, na mwisho kaandika "hotuba nzuri, hoja iko wapi?" Kwa hiyo badala ya kumjibu binamu kwa voisi ya dakika kumi ambayo hataisikiliza, naandika hapa na mwingine yeyote apite nayo.

Kwa ambao hamjazoea mfumo wa kule, hata ukisomea injinia utalazimishwa kuchukua kozi kadhaa za nje ya fani yako, na watu wengi wanaangukia hizi mbili. Shida ni kwamba ukizisoma kwa namna moja zote zinakushinda. Zote mbili zinamuuliza binadamu kuna nini humo ndani, ila moja inataka ujue nani alipima nini, kwa watu gani, akapata nini na wapi kipimo kilipwaya. Nyingine inataka ujue huyu mtu anaposema neno hili ana maana gani, anabishana na nani, na hoja yake imesimama juu ya nini. Mi nilikuwa nachukua kalamu ya njano napaka kote kote, vitabu vyote viwili vikawa kama jua la saa sita, kichwani hamna kitu.

Kabla ya chochote, silabasi

Isome yote siku ya kwanza, hasa pale pa maksi. Yangu ya saikolojia ilikuwa mitihani mitatu ya kuchagua jibu, ukumbi wa watu kama mia tatu, profesa hakujui hata sura, afu kuna masaa ya kushiriki kwenye tafiti za idara, yaani wewe ndo unakuwa panya wa maabara. Hayo masaa yamalize mapema, mwezi wa kwanza tu, mana karibu na mwisho wa muhula nafasi zinaisha na watu wanaanza kupigana vikumbo. Kama hutaki kufanyiwa utafiti, uliza kazi mbadala, huwa ipo.

Falsafa ilikuwa watu kumi na tano tumekaa duara, pepa tatu, kwenda kutembelea hekalu mara moja, na maksi za kuongea darasani. Hapo kwenye kuongea ndo watoto wa kwetu tunapoumia, tumelelewa kwamba mwalimu akiongea wewe unanyamaza, kule ukinyamaza wanaandika hujaja. Dawa niliyoipata ni kwenda darasani na swali moja nimeliandika kwenye karatasi, naliuliza dakika kumi za mwanzo, nikishaliuliza natulia zangu. Na yale masaa ambayo profesa anakaa ofisini kusubiri wanafunzi, nenda. Sio mpaka uitwe kwa kosa. Mimi nilienda mara ya kwanza wiki ya sita nikiwa nishaharibu, na nikakuta mtu anafurahi kweli kuona kuna mwanafunzi kagonga mlango.

Saikolojia: acha kusoma, anza kujiuliza

Chekesho lenyewe ni kwamba dawa ya kufaulu saikolojia imo ndani ya kitabu chenyewe, sura ya kumbukumbu, ila watu wanaisoma kama habari za wengine. Mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vipande vifupi vya kusoma, kundi moja likarudia kusoma tena, jingine likaambiwa liandike linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, 81% kwa 75%. Wiki moja baadaye meza imepinduka, waliojipima wamebaki na 56%, waliorudia kusoma 42%. Umeona mtego ulipo? Ukirudia kusoma usiku wa leo unajisikia umeiva, na kweli kwa leo umeiva. Mtihani ni wiki ijayo sasa.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma kurasa chache, labda tano, funga kitabu, chukua karatasi tupu andika kila ulichokumbuka hata kama ni vurugu, afu fungua uone ulichoacha. Ulichoacha ndo unakiweka kwenye kadi, swali mbele jibu nyuma. Kadi unazipitia kesho, keshokutwa, wiki ijayo, sio zote siku moja. Ebbinghaus alishalionyesha hilo 1885, tena alijifanyia mwenyewe, anakariri silabi zisizo na maana anapima amesahau kiasi gani baada ya muda, na kusahau kukubwa kunatokea mwanzoni kabisa, masaa ya kwanza. Kama hutaki kukata karatasi kuna programu ya bure inaitwa Anki, inakupangia yenyewe. Na kitabu usinunue mpaka profesa akomae, OpenStax wana kitabu kizima cha saikolojia bure kwenye intaneti, mi nilitoa hela nyingi kwa kitabu ambacho nilikuja kuegemezea dirisha.

Sasa maswali ya kuchagua jibu. Hayakupimi kama unalijua neno, yanakupimia kwenye maneno mawili yanayofanana. Kubwa kuliko yote ni uimarishaji hasi. Kila muhula watu wanaangukia hapo, wanadhani hasi maana yake adhabu. Hasi hapa ni ile ya hesabu, kutoa. Uimarishaji ni chochote kinachofanya tabia iongezeke. Chukua mama yuko dukani na mtoto, mtoto anapiga kelele anataka pipi, watu wanaangalia, mama anampa. Kimya. Mtoto kaongezewa kitu kitamu kwa hiyo kesho atalia tena, kwake yeye huo ni uimarishaji chanya. Mama kaondolewa kelele kwa hiyo kesho atatoa pipi mapema zaidi, kwake yeye huo ni uimarishaji hasi. Tukio moja, watu wawili wamefunzwa, na hakuna aliyeadhibiwa hapo. Ukiweza kuutengeneza mfano wako mwenyewe wa namna hiyo kwa kila neno, mtihani unakuwa mchezo. Huo ndo mtihani halisi, kutengeneza mfano, sio kukariri maana.

Jingine ni vitu viwili kwenda pamoja dhidi ya kimoja kusababisha kingine. Siku miavuli inauzwa sana Kariakoo ndo siku foleni ya Dar haisogei, lakini ukikamata wauza miavuli wote foleni itabaki palepale, shida ni mvua. Swali likikuambia watafiti "waligundua uhusiano", jibu lenye neno "kusababisha" likwepe mpaka uone kuna mtu kabadilisha kitu kimoja makusudi na kuwagawa washiriki kwa bahati nasibu.

Majina na miaka usiyadharau lakini usizame. Wundt na maabara yake ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, 1879, sawa. Pavlov na mbwa, sawa, ingawa Nobel yake ya 1904 aliipata kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula na sio kwa mbwa kudondosha mate wakisikia kengele, hiyo haiji kwenye mtihani ila ukiisema darasani unaonekana mtu. Kinachokuja ni utafiti wenyewe: Milgram, washiriki 40 wanaambiwa wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu, 26 wakabonyeza mpaka swichi ya mwisho ya volti 450. Na ukiweza kuongeza kasoro ya utafiti ndo unapanda gredi. Lile gereza la maigizo la chuo cha Stanford la 1971, vijana wengine walinzi wengine wafungwa, lililopangwa wiki mbili likafungwa siku ya sita, vitabu vya zamani vinalisimulia kama ushahidi kwamba cheo kinamgeuza mtu mnyama, kumbe rekodi zilizokuja kuchambuliwa baadaye zinaonyesha walinzi walikuwa wanaelekezwa wawe wakali. Tena 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia. Za mwanzo 97% zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, waliporudia ni 36% tu zilizopata hivyo. Kwa hiyo usiwe mtu wa "sayansi imethibitisha".

Afu kuna hili ambalo mtu wa kwetu anatakiwa alikamate kwa mikono miwili. Mwaka 2010 Henrich na wenzake waliandika kwamba tafiti nyingi za saikolojia zimefanywa kwa watu wa jamii za Magharibi, waliosoma, wenye hela, wengi wao wanafunzi wa chuo kabisa, halafu matokeo yanaandikwa kama ya binadamu wote. Wewe uliyekaa pale kwenye viti vya nyuma unaijua dunia nyingine, itumie. Mary Ainsworth ambaye kila kitabu kinamtaja kwa jaribio lake la Baltimore la mtoto kuachwa chumbani na mgeni, kazi hiyo alianza kuiona Uganda, 1954 na 1955, anakwenda majumbani kwa Waganda vijijini karibu na Kampala anakaa na akina mama 26 anaangalia watoto wanavyotambaa kwenda mbali na kurudi kumgusa mama. Kitabu changu kilimpa Baltimore kurasa mbili, Uganda nusu sentensi. Na Robert Serpell aliwapima watoto wa Lusaka na wa Manchester waige vitu: kwa penseli wa Manchester wakashinda, kwa waya wakashinda wa Lusaka, kwa udongo wakawa sawa. Kama uliwahi kuunda gari la waya lenye usukani mrefu ukalikimbiza mtaani huhitaji kuelezwa kwa nini. Niliuandika mfano huo kwenye swali la nyongeza la mtihani wa pili na ndo siku profesa wa watu mia tatu alinijua jina.

Falsafa: kurasa tatu, taratibu

Huku mambo ni kinyume. Ukipewa kurasa ishirini usizisome kwa mwendo wa gazeti. Pitia zote haraka mara moja kujua zinaongelea nini, afu chagua kurasa tatu ngumu uzisome mpaka ziseme. Sentensi moja ya Nagarjuna, yule mwanafalsafa wa Kibuddha wa India ya kale, inaweza kukulaza.

Kwanza lakini uvuke msitu wa majina. Mimi nilipoteza wiki mbili nikiamini Lao Tzu na Laozi ni wazee wawili tofauti. Ni huyohuyo, kuna namna mbili za kuandika Kichina kwa herufi zetu, ya zamani na ya sasa. Tao ni Dao, Chuang Tzu ni Zhuangzi, Confucius ni Kongzi, Mencius ni Mengzi, na neno lililoandikwa jen kwenye kitabu cha zamani ni ren kwenye kipya. India nako kuna Kisanskriti na Kipali: karma na kamma, dharma na dhamma, nirvana na nibbana, sutra na sutta. Tengeneza ukurasa mmoja wa hayo majozi uubandike ukutani, utanishukuru.

Pili, daftari la maneno. Kila neno kubwa liandike kwa lugha yake, chini yake andika nani analitumia kwa maana gani, manake neno moja linabeba mizigo tofauti. Dharma ya mungu Krishna kwenye Bhagavad Gita, anapomwambia Arjuna apigane vitani kule Kurukshetra, ni wajibu wake kama mpiganaji, dharma ya Mbuddha ni mafundisho ya Buddha. Sasa hapo kwenye daftari ongeza safu moja ambayo wenzako hawana: Kiswahili. Siongei uzalendo hapa, kuna mahali Kiswahili chetu kinafungua mlango ambao Kiingereza kimeufunga. Mfano chanzo cha mateso kwa Buddha kinaitwa tanha. Kitabu changu kilikitafsiri kwa neno la Kiingereza la uchu, nikawa nakariri tu. Siku nimefuatilia asili yake nikakuta tanha ni kiu. Kiu! Kile kitu ambacho ukinywa kinaondoka na kesho kinarudi vilevile. Ukweli wa pili kati ya zile kweli nne za Buddha kuhusu mateso ukaniingia hapohapo, jikoni, na glasi mkononi.

Ren ya Kongzi nayo ukiitazama herufi yake, 仁, kuna mtu pembeni na alama ya mbili. Sisi tunalo neno limetoka kwenye mtu vilevile, utu. Ila tahadhari, mlango sio nyumba. Ukishaandika ren ni utu, jiulize wapi havifanani. Kwenye Mazungumzo ya Kongzi kuna habari ya mtu aliyejisifu kwamba kwao kuna kijana mnyoofu, baba yake kaiba kondoo naye akamshtaki. Kongzi akajibu kwetu wanyoofu ni tofauti, baba humfichia mwana na mwana humfichia baba, unyoofu umo humo. Haya, utu wa bibi yako ungesemaje? Mi najua bibi yangu angesema kondoo arudishwe usiku na watu wasijue. Hiyo tofauti ndo pepa yako.

Na neno la hatari kuliko yote ni nafsi. Kwenye Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu, kuna Uddalaka anamfundisha mwanawe Svetaketu, anamwambia weka chumvi kwenye maji, kesho yake anamwambia nirudishie chumvi, haionekani, onja juu, onja katikati, onja chini, kote chumvi. Hivyo ndivyo kile kiini kilivyo ndani ya kila kitu, na wewe ndiye hicho. Hicho ni atman. Afu anakuja Buddha anasema ukitafuta atman ya kudumu ndani ya mtu huioni, unakuta mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na ufahamu, vyote vinapita. Sasa ukitafsiri atman kwa nafsi, ukaongeza nafsi tuliyofundishwa madrasa au kanisani, ukaongeza nafsi ya kitabu cha saikolojia, umepika mseto ambao hakuna mwenye nao. Acha neno la asili lisimame, Kiswahili kiwe mkongojo tu. Na kwa sababu hiyohiyo, sentensi yoyote inayoanza "Dini za Asia zinaamini kwamba" ifute kabla profesa hajaifuta. Uddalaka na Buddha wanapingana kabisa, na hao ni wa bara moja.

Njia nzuri ya kupima kama hoja umeielewa ni kuihamisha mtaani bila kuivunja. Mtawa wa Kibuddha Nagasena aliulizwa na mfalme Milinda, huyu kwa Kigiriki ni Menander, unaitwa nani. Akasema wananiita Nagasena lakini ni jina tu, hakuna mtu wa kudumu humo. Mfalme akashangaa. Mtawa akamuuliza umekujaje, kwa gari la kukokotwa, je gari ni ekseli? Hapana. Ni magurudumu? Hapana. Ni nira? Hapana. Ni vyote vikirundikwa chini? Hapana. Kwa hiyo gari liko wapi? Mimi niliifanya bajaji. Nenda gereji yoyote umwambie fundi atoe injini, aweke pembeni, atoe tairi tatu, turubai, kiti, usukani, kila kimoja uliza hii ndo bajaji? Mwisho una rundo la vyuma na plate namba, na hela ulilipia "bajaji". Ila hapa watu wanakosea wanasema Nagasena anadai gari halipo. Hadai hivyo, anasema "gari" ni jina linalofaa kwa vitu vilivyofungwa pamoja kwa namna fulani, ukitafuta zaidi ya hapo hupati. Ukiweza kuitofautisha hiyo kwa sentensi mbili, uko sawa.

Safari ya hekalu, na simu ya mama

Sisi tulipelekwa hekalu kubwa la Wahindu Maple Grove, pembeni ya Minneapolis. Viatu vinavuliwa, kwa hiyo usirudie kosa langu, soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu na kidole gumba kilitoka kusalimia kila mtu. Usinyooshe miguu kuelekea madhabahu, usipige picha kabla ya kuuliza, na ukipewa prasad, ile tamu iliyotolewa kwa mungu kwanza, pokea kwa mkono wa kulia, hapo mama zetu washatufunza zamani. Kuna mama mmoja mtu mzima, sari na koti la baridi juu yake, aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akanijibu "karibu mwanangu", kwa Kiswahili safi kabisa, kumbe kazaliwa Arusha. Nikajikuta namwamkia shikamoo katikati ya theluji za Minnesota. Nikampigia stori za pepa yangu kwamba naandika karma ni malipo ya ubaya. Akatikisa kichwa. "Karma ni kitendo, baba. Kufanya. Malipo ni matunda yake." Nilirudi bwenini nikafungua Gita sura ya 2 mstari wa 47, Arjuna anaambiwa haki yako ni kwenye tendo, sio kwenye matunda yake, ndo nikaona pepa yote niliijenga kwenye mchanga.

Aliyeko Dar hana haja ya kusafiri, mahekalu ya Wahindu yapo Kisutu, la Wabuddha lipo Upanga. Mombasa kuna la Wajain. Piga simu kwanza uulize saa za wageni.

Mama yangu nilipomsimulia kwa simu akanyamaza kidogo. "Mwanangu, ndo tumekuuzia shamba ukasomee masanamu?" Nikamwambia hapana mama, nasoma wanavyofikiri, sisujudu. "Haya. Soma, lakini sala usiache." Nalisema hili kwa sababu najua wengi linawatatiza. Darasani hakuna anayekuuliza unaabudu nini, ukiandika "mimi kama Mkristo nakataa" au "Uislamu umeshajibu hili" unapoteza maksi, na ukijifanya umebadili dini ili umfurahishe profesa unapoteza vilevile. Eleza hoja ya mtu mpaka mwenyewe angesema ndiyo, hicho ndicho nilichosema, afu ndo ubishe.

Pale zinapokutana

Utapata hamu ya kuandika kwamba Buddha alikuwa mwanasaikolojia wa kwanza. Niliandika. Ndo ile "hotuba nzuri". Buddha alikuwa anatafuta njia ya kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa, Wundt alikuwa anapima muda wa mtu kuitikia sauti. Ukitaka kuziunganisha, tafuta mahali padogo zinapogusa kitu kilekile, uangalie zinavyopishana. Umakini wa sasa unaofundishwa hospitalini, ule wanaouita mindfulness, ni mahali pazuri, Kabat-Zinn aliuanzisha kwenye chuo cha tiba Massachusetts 1979 kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Weka hiyo pembeni ya Satipatthana Sutta yenyewe, yale mafundisho ya Buddha juu ya umakini, uulize kimeachwa nini njiani, maadili yamekwenda wapi, watawa wako wapi, kuzaliwa upya kuko wapi.

Mimi iliyoniokoa ni Mengzi, yule mwanafalsafa wa China aliyefuata njia ya Kongzi. Anasema mtu yeyote akiona ghafla mtoto anataka kutumbukia kisimani, moyo utamshtuka, sio kwa sababu anataka urafiki na wazazi wala sifa mtaani. Wiki hiyohiyo kwenye saikolojia tulikuwa na Darley na Latané 1968: mwanafunzi New York yuko chumbani peke yake anaongea na wenzake kwa intakomu, mara mmoja anaanza kama kupata kifafa. Waliodhani wako wao wawili tu na mgonjwa, 85% waliripoti kabla kifafa hakijaisha. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, 31%. Nikaona hapa Mengzi kaumbuka, nikaanza kuandika hivyo. Afu nikarudi kusoma vyote viwili taratibu. Mengzi hasemi mtu ataruka kumuokoa mtoto, anasema moyo utashtuka tu, na anauita mshtuko huo chipukizi, kitu ambacho kisipomwagiliwa kinakauka. Na Darley na Latané wenyewe waliandika kwamba wale ambao hawakuripoti hawakuwa watu wasiojali, mtafiti alipoingia aliwakuta mikono inatetemeka, viganja vina jasho, wanauliza yule mwenzetu yuko salama? Mshtuko ulikuwepo. Kilichokosekana ni miguu.

Pepa hiyo nilipata A-, minasi ni ya kurasa nilizosahau kunukuu, kwa hiyo nukuu kurasa.

Binamu, silabasi yako nimeiona, mtihani wa kwanza ni wiki ya nne, kadi anza leo sio wikiendi. Hekalu mnakwenda mwezi wa kumi. Kagua soksi.